Umeseti PATH, umefunga terminali, imepotea: imeenda wapi?

Juzi jioni dogo mmoja wa chuo kanifuata kibandani kwangu hapa Chikongola, Mtwara, laptop kwapani, uso umemshuka, ananiambia "kaka, hii mashine imeingiwa na virusi". Namuuliza virusi gani hao wanaokaa kwenye Ubuntu, anasema jana kafuata video moja kaseti kila kitu, kaandika flutter (programu ya kutengenezea app) ikaitika, kafurahi kalala, usiku umeme ukakatika na chaji ikaisha, asubuhi anawasha anaandika kilekile anaambiwa command not found. "Na sijagusa kitu kaka, naapa."

Nilimwamini, maana kweli hakuna aliyegusa kitu. Alichofanya ni kuandika export PATH=$PATH:$HOME/flutter/bin kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, yaani kuongeza folda ya flutter kwenye PATH, orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa, na dirisha lilipokufa na chenyewe kikafa. Nilikaa nae kama nusu saa namuelezea, alafu nikaona bora niandike tu, sababu hili swali linakuja kibandani kila mara na wanaokuja nalo karibu wote wana picha moja kichwani: wanadhani ndani ya kompyuta kuna sehemu moja kama ubao wa matangazo pale ofisi ya kata, ukibandika kitu basi kila programu inapita inasoma. Huo ubao haupo. Ukishalielewa hilo moja, hizi variabo za mazingira (majina yenye thamani ambayo programu zinayasoma, kama huyo PATH) zinakuwa kitu chepesi sana, na usipolielewa utahangaika miaka kumi, mi mwenyewe nimehangaika na ntakusimulia huko mbele.

Kilichopo ni mafurushi. Kila programu inayotembea ndani ya kompyuta imebeba furushi lake.

Fikiria mtoto anatoka Mtwara anaenda Dar kusoma. Mama anamfungia furushi usiku: korosho za kukaanga, ming'oko, kitenge cha shangazi. Asubuhi basi linaondoka. Sasa kuanzia hapo lile furushi ni la mtoto, akifika Mbagala akaziuza zile korosho akanunua viatu, huku nyumbani kwa mama hakiongezeki wala hakipungui kitu. Na mama akinunua sufuria mpya mchana wake baada ya basi kuondoka, mtoto hana hiyo sufuria na wala hajui kama ipo. Furushi linafungwa mara moja, saa ya kuondoka, linaenda upande mmoja tu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, halirudi. Tofauti na maisha yetu ni kwamba kwenye kompyuta mama hapungukiwi, anafunga nakala, korosho zake zinabaki ghalani zilezile.

Programu nazo zinazaana hivohivo. Ukifungua terminali, terminali inaizaa sheli (sheli hii si ile ya kujaza mafuta, ni ile programu inayosubiri uandike amri, nyingi zinaitwa bash), alafu ukiandika amri, sheli inazaa hiyo amri. Kila kizazi kinapewa nakala ya furushi la aliyemzaa. Ndani ya furushi hamna maajabu, ni vipande vya maandishi tu, jina, alama ya sawasawa, thamani. Ukiandika env ukabonyeza enta utaona furushi lako lote limemwagwa chini: HOME ni folda yako ya nyumbani, USER ni jina lako, SHELL, LANG, na huyo PATH anayesumbua watu. Hata ukiweka namba ni maandishi, IDADI=5 hapo hiyo 5 ni maandishi tu, programu ikitaka kuihesabu itajua yenyewe.

Huu utaratibu ni wa zamani kuliko wengi wetu, ulikuja na Unix, mfumo ambao Linux imeufuata, toleo la saba mwaka 1979 kutoka Bell Labs kule Marekani, pamoja na sheli aliyoiandika Stephen Bourne, na neno export tunaloandika leo linatoka kwenye sheli ileile. DOS, mfumo uliotangulia Windows, nayo ikachukua PATH na SET kwenye toleo lake la 2.0 mwaka 1983, ndo maana hata mtu wa Windows hakwepi hili somo.

Usiniamini mimi, fungua terminali ujaribu. Andika hivi, mstari mmoja mmoja:

ZAO=korosho
bash
echo $ZAO

Ule mstari wa pili umezaa sheli ndani ya sheli, mtoto. Na echo, amri ya kuonyesha thamani, inakupa mstari mtupu. Kwanini? Kwa sababu ZAO uliiweka mezani kwa mama lakini hukuiweka kwenye furushi. Sasa andika exit urudi kwa mama, alafu:

export ZAO
bash
echo $ZAO

Hapo inakujibu korosho. Hiyo ndo kazi yote ya export, kuweka kitu kwenye furushi la watoto watakaozaliwa kuanzia sasa, haifanyi kingine, haihifadhi popote, haiandiki kwenye diski. Ukiwa bado ndani ya mtoto, badilisha:

ZAO=ufuta
exit
echo $ZAO

Inarudi korosho. Mtoto kalima ufuta kwake huko, mama bado ana korosho zake. Ukilirudia hili zoezi mara mbili umeshavuka walipokwama watu wengi.

Angalia pia sikuweka nafasi pembeni ya ile alama ya sawasawa. Ukiandika ZAO = korosho, bash inadhani ZAO ni amri unayotaka kuiendesha na itakuambia haipo. Kwenye Windows ndo mbaya zaidi maana yenyewe hailalamiki, ukiandika set ZAO = korosho kwenye cmd (dirisha la amri la Windows) inakubali vizuri kabisa, ila imetengeneza variabo ambayo jina lake ni ZAO na nafasi mwishoni, na thamani yake inaanza na nafasi, alafu wewe unakaa unaita %ZAO% inakutolea macho. Nilishawahi kupoteza mchana mzima kwa nafasi moja.

Turudi kwa PATH. PATH ni orodha ya folda, kwenye Linux zimetenganishwa na nukta mbili na kwenye Windows na nukta mkato. Ukiandika jina la amri bila kusema iko wapi, sheli inapita kwenye hizo folda kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ikiikuta popote inasimama hapohapo inaiendesha. Kwahiyo command not found haimaanishi programu haipo kwenye kompyuta, inamaanisha haipo kwenye folda zilizotajwa. Na ukiwa na python mbili, inayoshinda ni ile ya folda iliyotangulia, ndo maana unaweza ukainstol mpya na bado mashine ikakuletea ya zamani ukaanza kuilaumu. Andika which python3 ikuonyeshe imeikuta wapi.

Kosa la kawaida ni kuandika export PATH=/opt/kitu/bin bila kuweka $PATH ndani yake. Hapo umefuta orodha yote ukaacha folda moja. Ghafla ls haipo, cp haipo, nano ya kuhariri faili haipo, na mtu anaanza kutokwa jasho anadhani kaharibu sistimu. Hujaharibu. Funga lile dirisha fungua lingine, basi, furushi baya limezikwa na mwenye nalo. Unaona, ileile tabia iliyomliza dogo asubuhi ndo inayokuokoa hapa. Ila kama ulishaliandika hilo kosa kwenye faili la kudumu ni habari nyingine, utaita amri kwa anwani kamili, /bin/nano, ulisahihishe.

Na hilo faili la kudumu ndo jibu la dogo. Kama sheli inazaliwa upya kila ukifungua dirisha, basi kuna makaratasi inayoyasoma ikizaliwa, na ukitaka kitu kidumu unakiandika kule. Kwa bash kwenye Ubuntu ni .bashrc iliyopo kwenye folda yako ya nyumbani, inasomwa kila ukifungua terminali. Kuna .profile nayo, inasomwa ukilogin. Kuna /etc/environment ambayo ni ya watumiaji wote, na hii si skripti (faili la amri zinazoendeshwa kwa mfululizo), hapo unaandika jina na thamani peke yake, ukitia $PATH ndani haitafumbuliwa kama ulivyozoea. Wa Mac, tangu 2019 wameletewa zsh kwahiyo faili lao ni .zshrc. Dogo tulimwandikia ule mstari wake mwisho wa .bashrc, tukasevu, akaandika flutter, ikagoma tena! Akanitazama kama tapeli.

Sasa hapo tumia akili ya furushi. Sheli iliyopo hapo ilishazaliwa, ilishasoma karatasi lake muda ule, haiendi kulisoma tena eti kwa sababu wewe umelibadilisha. Ama unafungua dirisha jipya ama unaandika source ~/.bashrc, ambayo maana yake ni "wewe sheli uliyopo hapa, soma hili faili sasa hivi". Na source lazima iwe source. Watu wanaandika variabo zao kwenye skripti, seti.sh, alafu wanaiendesha kwa ./seti.sh, inamaliza vizuri bila kosa, wanaangalia hamna kitu. Ndio, hamna, maana ./seti.sh imezaa mtoto, mtoto kapanga vitu vyake vizuri, kamaliza kazi, kafa na furushi lake. Mama hajaona kitu. Ukisema source seti.sh hakuna mtoto anayezaliwa, mama mwenyewe ndo anasoma.

Kwa wale wa Windows, set inafanya kazi kwenye dirisha hilohilo tu, sawa na tulichosema. Setx inaandika moja kwa moja kwenye rejesta ya Windows kwahiyo inadumu, lakini haionekani kwenye dirisha uliloandikia, mpaka ufungue jipya, yaani set na setx kila moja ina nusu ya unachotaka. Na setx ina meno: thamani ikizidi herufi 1024 inaikata. Mafundi wengi wanaandika setx PATH "%PATH%;C:\kitu" kwa sababu wameiona mahali, na PATH ya mashine yenye programu nyingi inazidi hapo kirahisi, mkia unaondoka. Mi imenikuta kwenye laptop ya mteja, tena mteja aliyekuwa amekaa pembeni yangu ananywa soda, nikajifanya naangalia kitu kingine huku moyo unadunda. Tangu siku hiyo PATH ya Windows naihariri kwa lile dirisha la mipangilio lenye orodha, au PowerShell, setx naiachia variabo fupifupi.

Kingine cha Windows: umebadilisha variabo, umefungua terminali mpya ndani ya VS Code (programu ya kuandikia msimbo), bado haioni. Umefunga umefungua mara sita. Bro, hiyo terminali mama yake ni VS Code, na VS Code mwenyewe alizaliwa asubuhi na furushi la asubuhi, atakachomrithisha mtoto ni cha asubuhi. Funga VS Code yote. Swali la kujiuliza siku zote ni moja, huyu kazaliwa na nani na lini.

Hilo swali lilinigharimu mimi msimu wa korosho. Kuna chama kimoja cha msingi huko juu Newala niliwatengenezea skripti ya kutuma meseji kwa wakulima, matokeo ya mnada yakishaingizwa, saa mbili usiku kila mtu anapata bei kwenye simu yake. Seva tulikodi nje, na seva nyingi za nje zinakuja na saa za UTC, saa ya kimataifa, yaani ziko nyuma yetu masaa matatu. Mi nikajua, nikasema dawa ndogo tu, kuna variabo inaitwa TZ, ya kuchagua saa za eneo, nikaenda kwenye .bashrc ya seva nikaandika

export TZ=Africa/Dar_es_Salaam

nikafungua upya, nikaandika date, saa ikaja ya kwetu dakika kwa dakika. Nikapanga cron, mpanga ratiba wa Linux, iendeshe skripti saa 20:00. Nikalala usingizi wa haki.

Saa tano na dakika chache usiku simu inaita. Katibu wa chama, mzee wa watu. "Kijana wangu, shikamoo haitolewi usiku huu, lakini watu wananipigia wanauliza meseji za saa hizi ni za wachawi au za chama?" Nikamwambia shikamoo mzee, nitaangalia. Nikaangalia, saa ni sawa. Kesho yake tena, saa tano usiku. Siku ya tatu mzee hakucheka.

Cron hajazaliwa na terminali yangu. Alizaliwa seva ilipowaka, mama yake ni mfumo wenyewe, mimi sijalogin wala .bashrc yangu hajawahi kuiona. Kwake yeye 20:00 ni ya UTC, na 20:00 ya UTC kwetu ni saa tano usiku. Date yangu ilikuwa sahihi kwangu mimi tu na watoto wa dirisha langu. Nilikuwa nasoma saa ya chumbani kwangu nikidhani ndo ya msikitini.

Ukitaka kuona furushi la cron ni dogo kiasi gani weka huu mstari kwenye crontab, faili la ratiba zake, subiri dakika moja, alafu soma faili:

* * * * * env > /tmp/furushi.txt

Kwangu yalitoka mambo machache sana, HOME, LOGNAME, SHELL ikiwa /bin/sh hata bash si yenyewe, na PATH ya folda mbili, /usr/bin na /bin. Ndo maana ile "skripti inafanya kazi nikiiendesha kwa mkono lakini kwenye cron inagoma" ni malalamiko ya dunia nzima. Na kuita source ~/.bashrc ndani ya skripti haisaidii sana kwenye Ubuntu, sababu juu kabisa ya hilo faili kuna mistari inayosema kama hapa hakuna mtu anayeandika kwa mkono basi toka. Inatoka kimyakimya. Sudo, ile ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root (mtumiaji mkuu wa mashine), nayo ina tabia ya jamii hiyo, inapokonya vitu vingi kwenye furushi kabla ya kuendesha amri, kwa usalama, kwahiyo variabo uliyoiexport unaweza usiikute upande wa pili.

Tukiwa bado kwenye TZ, jihadhari na kukosea jina. Mi kwa uzalendo nilishajaribu TZ=Africa/Mtwara. Linux haikugoma, haikusema jina hilo sina, ilinipa saa ya UTC na pembeni ikaandika Africa kama vile ndo jina la saa. Kwenye orodha ya saa za dunia ya kwetu ni Africa/Dar_es_Salaam, na ukichimba zaidi unakuta hilo nalo ni kiungo tu kinachopelekwa kwenye Africa/Nairobi, watani wakisikia watatamba. Variabo zina ukimya huo, ukikosea herufi kwenye $FOLDA ukaandika $FODLA bash haikuulizi, inaweka utupu. Sasa fikiria skripti yenye rm -rf $FODLA/* inaendeshwa na root, utupu ukiingia hapo inabaki rm -rf /*, yaani futa kila kitu. Weka set -u juu ya skripti zako, itasimama yenyewe ikikuta jina lisilojulikana.

Siri nazo. Neno la siri la databesi kuliweka kwenye variabo ni afadhali kuliko kuliandika ndani ya msimbo ukaupakia GitHub, hilo sikatai. Lakini kumbuka watoto wote wanarithi, hata kile kiprogramu ulichokishusha jana usichokijua vizuri, na root kwenye Linux anaweza kusoma furushi la programu yoyote kwenye /proc. Na jamani, mkiomba msaada kwenye magrupu ya WhatsApp msipige picha matokeo ya env yote. Nimeshaona nywila za watu mara nyingi mno.

Ile ya chama ilimalizika kwa amri mbili. Sikutumia TZ tena, niliiambia seva yenyewe, sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, alafu sudo systemctl restart cron, na hii ya pili ndo watu wanaisahau, cron lazima azaliwe upya ndo aijue saa mpya. Usiku ule nilikaa kibandani mpaka saa mbili, mpaka nilipoona meseji zimetoka. Saa tano simu haikuita. Asubuhi katibu kanitumia meseji ya maneno mawili, "Zimefika mapema", na baadae basi la Newala likaniletea kilo mbili za korosho.